Dizeli, Otomatiki, Buti Refu: Piga Hesabu Kabla ya Kutoa Malipo

Oktoba ikifika na fedha za minada ya vyama vikuu vya ushirika, TANECU na MAMCU, zikianza kuingia kwenye akaunti za wakulima wa korosho, kuna biashara nyingine inayoamka kutoka Masasi hadi Newala: biashara ya magari ya mkononi. Picha zinarushwa WhatsApp, madalali wanapiga simu usiku, na kila mwenye gari la kuuza anaapa kwamba halijawahi kuguswa na fundi. Katika maombi ya wanunuzi kuna moja linalojirudia, awe ni mwalimu wa Lukuledi, muuguzi wa Ndanda au mwenye duka Newala mjini: gari la dizeli, la otomatiki, lenye buti refu. Kama limetembea kilomita nyingi si neno, mradi bei iwe nafuu.

Ombi hilo lina mantiki. Buti refu linabeba familia Jumapili na magunia Jumatatu. Dizeli inasifika kwa kula kidogo na kuvuta mzigo. Otomatiki inamwezesha kila mwenye leseni nyumbani kuendesha bila kuhangaika na klachi mlimani. Kasoro ni kwamba sifa zote hizo zikikutana kwenye gari moja lililochoka, gharama yake haionekani siku ya kununua. Inajitokeza kidogokidogo, mwezi baada ya mwezi.

Niseme mapema ninakoelekea: dizeli huishinda petroli ya ukubwa wake, ila ni nadra kuishinda petroli ndogo. Mnunuzi akilinganisha gari kubwa la dizeli na gari kubwa la petroli, dizeli inapata ushindi wa wazi. Lakini mwananchi wa Lukuledi hachagui kati ya hayo mawili. Anachagua kati ya dizeli ya lita 2.2 na Probox ya lita 1.5, na hapo matokeo hubadilika.

Kwa nini dizeli ya namna hii ni adimu

Magari yetu mengi yanatoka Japani, na huko dizeli ndogo za familia zilipotea sokoni kwa karibu miaka kumi. Sheria ya moshi iliyoanza kutumika 2002 iliwabana wenye magari ya dizeli katika miji mikubwa, na Oktoba 2003 Tokyo na mikoa inayoizunguka ikaanza kuzuia malori na mabasi yaliyotoa masizi kupita kiwango. Wajapani wakaikimbia dizeli kwenye magari madogo. Ilirudi kwa kishindo 2012, Mazda ilipoleta injini yake ya Skyactiv-D ya lita 2.2, kwanza kwenye CX-5, kisha mwishoni mwa mwaka huohuo kwenye Atenza, ikiwemo Atenza Wagon.

Kwa hiyo ukitafuta stesheni wagoni ya dizeli yenye gia za otomatiki, soko linakupa makundi mawili yaliyotengana sana. La kwanza ni la magari ya zamani ya miaka ya 1990 na mwanzoni mwa 2000: Caldina, na Corolla za buti refu zenye injini za 2C na 3C. La pili ni la magari ya kuanzia 2012, yaliyojaa sensa na kompyuta. Katikati hakuna kitu. Ndiyo maana dalali akikwambia ana "dizeli nzuri ya katikati, si ya zamani wala si ya kompyuta", mwombe kwanza namba ya injini.

Magari matatu mezani

Chaguo la kwanza ni hiyo dizeli ya zamani. Uzuri wake ni kwamba fundi yeyote wa Masasi anaijua. Pampu ni ya kawaida, waya ni chache, na ikigoma njiani kuna namna ya kuifufua. Ubaya wake pia unajulikana: injini za 2C na 3C, hasa zenye tabo, zina sifa mbaya ya kupasuka silinda hedi zikichemka. Gari lililochemka mara moja huko nyuma linaweza kupozwa, likapakwa rangi na kuuzwa, kisha likakuumbua kwenye mlima wa kwanza. Isitoshe, injini hizo zinatumia mkanda wa taimingi wa kubadilishwa kila kilomita 100,000. Mkanda huo ukikatika, valvu hugongana na pistoni.

Chaguo la pili ni dizeli ya kisasa kama Atenza Wagon. Ina nguvu, ina gia sita za otomatiki, na barabara ya lami inaimeza bila kuchoka. Lakini nyuma yake kuna kichujio cha masizi, ambacho mafundi hukiita DPF. Kichujio hicho hukusanya masizi, kisha hujisafisha kwa kuyachoma katika joto la mamia ya nyuzi. Ili kazi hiyo ikamilike, gari linahitaji kutembea mfululizo kwa mwendo wa kueleweka, si kwenda sokoni na kurudi. Safari zikiwa fupifupi, usafishaji hukatizwa, dizeli ya ziada inavuja kuingia kwenye oili, na oili inapanda kwenye kijiti cha kupimia badala ya kushuka. Mwenye gari anafurahi kwamba injini "hailambi oili", kumbe oili inageuka nyepesi na inashindwa kulinda vyuma. Masizi nayo hujijenga kwenye njia za hewa, na kuyasafisha kunahitaji fundi mwenye vifaa, si brashi na petroli.

Chaguo la tatu ni petroli ndogo: Probox, ndugu yake Succeed, au Corolla Fielder ya 1.5. Probox ilianza kutengenezwa 2002 kama gari la kazi la makampuni ya Kijapani, na sasa ndiyo mchomoko unaosafirisha watu katika wilaya nyingi za Tanzania. Injini yake ya 1NZ inatumia cheni badala ya mkanda, na spea zake zinapatikana Masasi, Mtwara, na kwa wingi zaidi Gerezani na Shauri Moyo jijini Dar es Salaam. Toleo la 2014 linaruhusiwa kubeba kilo 400 mkiwa wawili ndani, au 250 mkiwa watano. Kilo 400 ni magunia matano ya kilo 80, na baada ya hapo unaanza kununua shokapu mara kwa mara. Probox ya dizeli ya lita 1.4 iliwahi kutengenezwa, lakini ilikuja na gia za mkono, kwa hiyo haimfai anayetaka otomatiki.

Kodi: umri unauma kuliko injini

Tanzania haina ukomo wa umri wa magari kama Kenya, ambako gari lililozidi miaka minane haliruhusiwi kuingia. Sisi tunaruhusu, halafu tunatoza. Ushuru wa forodha ni asilimia 25. Ushuru wa bidhaa ni asilimia 5 kwa injini ya zaidi ya cc 1,000 hadi 2,000, na asilimia 10 kwa iliyozidi cc 2,000. Gari lenye zaidi ya miaka minane hadi kumi huongezewa asilimia 15 ya uchakavu, na lililozidi miaka kumi huongezewa asilimia 30. Juu ya yote kuna VAT ya asilimia 18.

Tuchukue magari mawili yaliyozidi miaka kumi, yote TRA imeyathamini kwa shilingi milioni 10 yakiwa bandarini. Tuache pembeni tozo ndogo, gharama za bandari na usajili.

Dizeli ya lita 2.2: ushuru wa forodha 2,500,000. Ushuru wa bidhaa hukokotolewa juu ya milioni 12.5, hivyo asilimia 10 ni 1,250,000 na uchakavu wa asilimia 30 ni 3,750,000. VAT juu ya jumla ya milioni 17.5 ni 3,150,000. Jumla ya kodi ni 10,650,000.

Petroli ya lita 1.5: forodha 2,500,000, ushuru wa bidhaa 625,000, uchakavu 3,750,000, VAT 3,037,500. Jumla ni 9,912,500.

Tofauti ya injini ni chini ya laki saba na nusu. Lakini angalia mstari wa uchakavu: peke yake ni 3,750,000, tena nao unatozwa VAT. Dizeli hiyohiyo ingekuwa haijafika miaka minane, kodi yake ingekuwa 6,225,000. Funzo ni kwamba kuagiza gari la zamani ili kuokoa bei ya kununulia ni kuipa serikali ulichomnyima muuzaji. Ukitaka la zamani, nunua ambalo tayari liko nchini, kodi yake ililipwa na mwenzako. Na kumbuka TRA hutumia thamani ya mfumo wake, si ya risiti yako, na kila Juni bajeti inaweza kubadilisha viwango.

Mafuta: hesabu inayowapotosha wengi

Zamani ilikuwa rahisi kusema dizeli ni bei poa. Siku hizi EWURA ikitangaza bei kikomo kila Jumatano ya kwanza ya mwezi, kuna miezi dizeli inaipita petroli. Kwa hiyo faida haiko tena kwenye bei ya lita, iko kwenye kilomita ambazo lita moja inakupa.

Tuseme lita ya mafuta yote mawili ni shilingi 3,000, na unatembea kilomita 15,000 kwa mwaka. Probox ikikupa kilomita 14 kwa lita, utatumia lita 1,071, sawa na takriban shilingi 3,214,000. Atenza ya dizeli ikikupa kilomita 16 kwa lita, utatumia lita 938, takriban 2,813,000. Umeokoa laki nne kwa mwaka. Nozeli moja ya komonireli, yaani mfumo wa kisasa wa kunyunyizia dizeli, ikifa, akiba hiyo imeondoka, na injini ina nozeli nne.

Sasa linganisha Atenza hiyo ya dizeli na gari la petroli la ukubwa wake, linalokupa kilomita 9 kwa lita. Hilo lingekunywa lita 1,667, yaani shilingi milioni 5. Hapo dizeli inaokoa zaidi ya milioni mbili kwa mwaka. Hizi ndizo hesabu wanazokupigia wauzaji, na ni za kweli, ila zinajibu swali ambalo hukuuliza.

Dizeli ya zamani ndiyo yenye hali ngumu zaidi. Injini ya lita 2.2 isiyo na tabo, giaboksi ya otomatiki ya gia nne na umri wa miaka ishirini na zaidi haviwezi kukupa ulaji mdogo kuliko Probox iliyo nzima. Unabeba uzito wa dizeli bila kupata faida yake.

Ubora wa mafuta nao una uzito. Tangu 2015 nchi za Afrika Mashariki zilikubaliana kiwango cha salfa kisichozidi sehemu 50 kwa milioni, wakati Japani na Ulaya wako kwenye 10. Hiyo inavumilika. Ambacho injini ya kisasa haivumilii ni dizeli iliyochanganywa. Serikali ilipandisha ushuru wa mafuta ya taa 2011 kwa sababu wachakachuaji walikuwa wanayachanganya na dizeli, na mafuta huwekewa vinasaba ili wakamatwe. Hata hivyo, dizeli ya kwenye kidumu pembeni ya njia haina mkaguzi. Injini ya 3C italalamika na kuendelea. Pampu ya Skyactiv itakufa na kuondoka na nozeli zake.

Otomatiki na mlima wa Newala

Ukisimama Shimo la Mungu pale Newala na kutazama bonde lililo chini, unaona kwa nini uwanda wa juu wa Makonde ni mtihani wa gari. Barabara ya kilomita 160 kutoka Mnivata kupitia Tandahimba na Newala hadi Masasi iko kwenye mradi wa lami unaofadhiliwa na Benki ya Maendeleo ya Afrika. Mahali ambapo lami haijafika kuna mchanga, na mchanga ndio unaochemsha giaboksi ya otomatiki: tairi zinazunguka, gari haliendi, oili inapata moto.

Uliza giaboksi ni ya aina gani. Probox za kabla ya 2014 zina otomatiki ya kawaida ya gia nne, ngumu na inayoeleweka. Kuanzia 2014 zina CVT, ambayo hutumia mkanda wa chuma badala ya ngazi za gia. Fielder nyingi za 1.5 za kuanzia 2006 nazo zina CVT. CVT inaokoa mafuta, lakini haipendi mzigo mkubwa mlimani na haisamehe oili isiyo yake. Fundi akikwambia "oili ni oili", beba gari lako uondoke.

Kwenye majaribio, washa gari, kanyaga breki, hamisha kutoka P kwenda R, kisha D. Gari linapaswa kushika mara moja bila kishindo. Likichelewa sekunde mbili au tatu, giaboksi imechoka. Chomoa kijiti cha oili ya giaboksi, kama kipo: oili nyeusi yenye harufu ya kuungua ni habari mbaya. Kisha omba kulijaribu mlimani, si kwenye lami tambarare ya Masasi mjini. Wakati wa kushuka weka 2 au L ili injini isaidie breki.

Kilomita zinazosema kweli na zinazodanganya

Mita ya kilomita inarudishwa nyuma kwa dakika chache. Hivyo gari lenye kilomita 240,000 zilizoandikwa wazi ni afadhali mara nyingi kuliko lenye 89,000 zisizo na ushahidi.

Ushahidi unaweza kuwa mbele ya macho yako. Fungua mlango wa dereva na bonati, tafuta stika za Kijapani za huduma. Zinaandika tarehe na kilomita za siku oili au mkanda wa taimingi ulipobadilishwa. Mwaka mara nyingi huandikwa kwa kalenda ya wafalme wao: ukiona H, jumlisha 1988, hivyo H27 ni 2015. Ukiona R, jumlisha 2018, hivyo R2 ni 2020. Stika ikisema kilomita 160,000 mwaka H27 na dashibodi leo inasema 98,000, mazungumzo yameisha.

Tazama pia mpira wa pedali ya breki, usukani na ukingo wa kiti cha dereva. Dalali atakwambia, "Mwalimu, hii ilikuwa ya mama mmoja wa ofisini, ilikuwa inaenda kazini na kanisani tu." Pedali iliyoisha hadi chuma itakuonyesha kanisa lilikuwa mbali kiasi gani.

Usidanganywe na namba ya usajili pia. Herufi ya kwanza baada ya tarakimu, iwe C, D au E, inaonyesha gari lilisajiliwa lini Tanzania, si lini lilitoka kiwandani. Namba mpya inaweza kukaa kwenye gari la 2002.

Ukaguzi wa dizeli, asubuhi na mapema

Mwambie muuzaji asiiwashe kabla hujafika, kisha gusa injini kuhakikisha ni baridi. Fungua mfuniko wa rejeta injini ikiwa baridi na uiwashe: mapovu yanayotoka mfululizo ni dalili ya gasketi iliyokatika au hedi iliyopasuka. Oili iliyogeuka rangi ya chai ya maziwa inasema vivyo hivyo. Moshi mweupe mfupi asubuhi unavumilika. Wa bluu unaoendelea maana yake injini inachoma oili, na mweusi mzito unaashiria nozeli, pampu au tabo. Legeza mfuniko wa oili injini ikizunguka: upepo mkali unaopuliza mfuniko unaonyesha ringi zimeisha.

Kwa dizeli ya kisasa, macho hayatoshi. Lipa fundi mwenye mashine ya kupimia aisome kompyuta ya gari, hasa hali ya DPF na nozeli. Taa ya injini iliyozimwa kwa kuchomoa balbu ni mchezo wa kale, hivyo hakikisha inawaka ukifungua swichi na kuzima baada ya kuwasha.

Karatasi

Hakikisha jina kwenye kadi ya gari ni la anayekuuzia, na kwamba kadi halisi haijawekwa rehani kwa mkopeshaji. Linganisha namba ya chesesi na ya injini na zilizo kwenye kadi. Kagua madeni ya faini za barabarani kwenye mfumo wa TMS wa polisi, maana deni huifuata namba ya gari. Andikianeni mkataba mbele ya wakili, kisha hamisha umiliki TRA mapema. Ada ya leseni ya barabara ya kila mwaka ilifutwa 2017 na kuhamishiwa kwenye bei ya mafuta, kwa hiyo muuzaji hawezi kukudai deni la leseni ya miaka iliyofuata.

Nani anunue nini

Ukiishi Lukuledi, safari zako ni shule, soko, shamba na Masasi mara moja moja: nunua Probox au Fielder ya petroli, ikiwezekana ya gia nne za kawaida. Hutajutia.

Ukiwa mfanyabiashara unayekwenda Dar es Salaam au Songea kila wiki, lami muda mrefu, kilomita 40,000 au zaidi kwa mwaka, na unahitaji gari kubwa: dizeli ya kisasa ina maana kwako. Weka pembeni angalau robo ya bei ya kununulia kwa ajili ya matengenezo, na jaza mafuta kwenye vituo unavyovijua.

Ukiwa unaitamani dizeli ya zamani kwa sababu ni rahisi, inunue tu kama umemwona mwenyewe aliyeitunza, mkanda wa taimingi una tarehe, na rejeta ni nzima. Vinginevyo, bei ndogo unayolipa leo ni malipo ya awali ya bei ya silinda hedi.